Madebe Mawili ya Mafuta

"Tutakuja Jumapili, mama. Tupikie maharage ya mafuta. Halafu tutaongea."

Ndivyo alivyosema Nabih kwenye simu, akakata. Mama yake, Labibe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Nabih, alibaki ameishika ile simu kama kitu kilichookotwa njiani. Maharage sawa. Mwezi wa nane umeingia, mfungo wa Bikira wa Waorthodoksi umeanza, nyama na maziwa havigusiki mpaka sikukuu, na maharage mabichi nyuma ya nyumba yananing'inia kwenye fito zake mpaka yanaomba kuchumwa. Mtu angetaka nini kingine? Lakini hilo "tutaongea"! Mtoto uliyemzaa mwenyewe akikuambia mtaongea, ujue ameshaongea na wengine, wewe unaletewa hukumu tu.

Na hukumu yenyewe aliijua. Ghorofa ya sita, Beirut. Nabih na mkewe Rindala walikuwa wameshaandaa chumba, wametia kitanda na pazia la maua, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Lifti inakwama kila umeme ukikatika, na umeme wa Beirut unajulikana. Mama Nabih aliwahi kulala huko siku mbili tatu akarudi hoi, anaapa kwamba hata kuku wa kijijini wana maisha bora zaidi. Nyumba hii ya mawe aliingizwa akiwa bi harusi. Humu amezaa, humu mumewe alitolewa kwenda kaburini, na mizeituni inayoonekana kutoka barazani ameipogoa kwa mikono yake mwenyewe. Kutoka humu, aliwaambia watu wote waliotaka kusikia, atatoka amelala.

Sasa subiri nikuambie alichokuwa hawaambii.

Majira ya baridi yaliyopita mafua makali yalimlaza. Yalipoondoka, yaliondoka na pua yake. Pua yenyewe ilibaki usoni, nzuri, ndefu, ya ukoo wao. Lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Kahawa ikawa maji ya moto yenye uchungu. Ubani wa kanisani ukawa moshi tu wa kuwasha macho. Ulimi ulimwachia chumvi, ndimu na sukari, basi. Alipanda basi peke yake akaenda kwa daktari Tripoli, hii ya hapa Lebanon, akamwambia dada yake anakwenda kununua soksi. Daktari akamulika, akakuna kidevu, akasema, "Inaweza kurudi, mama, na inaweza isirudi." Mama Nabih akalipa, akanunua na hizo soksi kweli ili asiwe mwongo, akarudi nyumbani na kufunga mdomo.

Utamlaumu? Mimi simlaumu. Kwa sababu wakati wa Pasaka, upepo wa dirishani ulizima moto wa jiko, gesi ikaendelea kutoka, na yeye amekaa palepale mezani anachambua dengu, anaimba. Nabih ndiye aliyeingia akapiga kelele, "Mama! Gesi!" akafungua madirisha yote. Yeye akajibu haraka, "Nimefungua sasa hivi tu baba, simu ikalia, nikageuka." Nabih akakagua jiko na mtungi. Tangu siku hiyo ndipo habari za ghorofa ya sita zilipoanza. Na hapo mtoto anafikiri mama amesahau tu! Akijua kwamba mama hawezi kunusa gesi hata ikimjaa nyumba, si ataletewa gari siku hiyohiyo?

Halafu kulikuwa na aibu ya pili, ambayo pengine ilimuuma zaidi. Watu wa Koura, wilaya yetu hii ya mizeituni, wakimsifu mpishi husema ana pumzi. Wawili wanaweza kupika chungu kilekile, kwa chumvi ileile, lakini kwa mwenye pumzi ndiko watu watakakoramba vidole. Na Mama Nabih alikuwa na pumzi. Hilo halikuwa na ubishi hata kwa maadui zake. Sasa alikuwa akipika kwa macho na masikio, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila sufuria aliyoifunika ilimwacha na wasiwasi.

Basi Jumapili ilipofika, aliamka kabla ya kengele, akachuma maharage yote yaliyokuwa yamekomaa, hakubakiza hata moja, akakaa barazani na sinia mapajani. Hajaanza, akasikia ndara za Adma.

Adma ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Hakuolewa, hakuzaa, na kwa hiyo watoto wa mtaa mzima ni wake na mambo ya mtaa mzima ni yake. Ni rafiki wa Mama Nabih tangu wote wawili wana nywele nyeusi, lakini ulimi ule! Ukimpa Adma siri asubuhi, mchana utaisikia kwa muuza mkate. Na kuna jambo jingine: mwezi uliopita Mama Nabih alipita chini ya dirisha lake akamsikia akisema kwenye simu, "Usiwe na shaka Nabih mwanangu, jicho langu liko juu yake." Kumbe ana mpelelezi ng'ambo ya barabara! Tangu hapo akawa anamkaribisha kwa tabasamu na kumwogopa kwa ndani.

"Leo wanakuja wakubwa," alisema Adma akivuta kiti, na bila kuulizwa akatwaa konzi ya maharage. "Rindala anakula maharage, au ana yale majani yake?"

"Atakula atakachokikuta."

"Maskini mtoto wa watu. Kiuno kama uzi." Adma alivunja ncha ya ganda, akavuta uzi wa upande mmoja, akageuza, akavuta wa pili. Halafu akaokota mojawapo la Mama Nabih kutoka kwenye sinia, akaliinua kwenye mwanga. "Ebo! Mama Nabih, siku hizi unaacha nyuzi?"

"Hilo ni lako."

"Langu lipi? Mimi nimekaa sasa hivi." Akacheka, kisha akanyanyua uso na kunusa. "Kuna kitu kinaungua."

Mama Nabih moyo ukamlipuka. Kahawa! Alikuwa ameweka mdila wa kahawa jikoni, akausahau. Alinyanyuka pole pole, kwa makusudi, ingawa miguu ilitaka kukimbia, akaingia ndani akakuta kahawa imefurika na kukauka jikoni kote, mdila mweusi chini. Akazima.

"Nimeiacha makusudi," alisema kwa sauti kutoka ndani. "Namfukizia shetani. Nilimwona anapanda ngazi."

Adma aliangua kicheko mpaka akakohoa. Lakini macho yake, Mama Nabih aliporudi, hayakuwa yanacheka sana. Walimaliza maharage wakiongea habari za bei ya maji na binti wa padri, kisha kengele ya kanisa ikalia na Adma akajifunga kitambaa chake.

"Huji?"

"Goti leo halitaki. Niombee."

"Nitakuombea mafuta ya goti," alisema Adma, akashuka.

Sasa Mama Nabih alibaki peke yake na kazi, na kazi hii, kwa anayeijua, ni ya mafuta. Maharage ya mafuta hayana pa kujificha. Hayana mfupa, hayana mchuzi wa nyama. Ni vitunguu, vitunguu saumu, nyanya, na mafuta ya zeituni ya kutosha mpaka mkate ukizama unatoka unang'aa. Mafuta yakiwa mabaya, chungu kizima ni kibaya. Akainua chupa ya jikoni. Imebaki tone.

Akachukua chupa na faneli, akateremka stoo.

Kuna madebe mawili stoo. Moja ni la mafuta ya kula, ya zeituni za mwaka jana. La pili ni la mafuta yaliyochacha, ya miaka iliyopita, ambayo hapa hakuna anayeyatupa. Yanawekwa mpaka yatoshe kupikia sabuni. Madebe ni mamoja kwa sura, kimo kilekile, kutu ileile. Ili asichanganye, siku zote alifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa debe la sabuni. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna kitambaa.

Akakumbuka, akaona kama amemwagiwa maji. Rindala! Wiki kadhaa zilizopita walipokuja, Rindala alisema, "Mama, pumzika, mimi nisafishe stoo," akavaa glavu za manjano, akafagia, akasugua, akapanga madebe ukutani yamenyooka kama wanajeshi. Na kitambaa bila shaka alikiona ni kichafu, akakitupa. Mtoto wa mjini angejuaje? Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hiyo ndiyo inayochosha, maana huwezi hata kumtukana ukaridhika.

Mwanamke yeyote mwingine wa Koura angefungua mfuniko, akainamisha pua, akajua kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Mafuta yaliyochacha yanajitangaza. Mama Nabih alifungua debe la kwanza, akainama, akavuta mpaka mbavu zikauma. Kimya. La pili. Kimya. Akachovya kidole, akaramba: utelezi. Akachovya kwenye jingine: utelezi. Mafuta mapya huwasha koo kidogo, lakini haya yana karibu mwaka, na alipomeza hakujua kama koo linawashwa na mafuta au na hofu. Akapeleka kidogo mlangoni kwenye jua. Rangi ileile.

"Bikira mtakatifu," alisema kwa sauti, "si unaniona?"

Kisha akapata wazo, akajiona mwerevu. Mafuta ya kula wanayachota tangu msimu wa mavuno. Kwa hiyo debe lake lazima liwe jepesi. Akainua la kwanza, zito. Akainua la pili, jepesi. Haya! Akajaza chupa kutoka kwenye lile jepesi, akapanda ngazi karibu anaimba.

Akamimina mafuta chunguni, bila ubahili, akatia vitunguu vilivyokatwa. Alivisikiliza. Vikianza vinapiga kelele nyingi, maji yakiisha sauti inashuka, hapo ndipo rangi inapogeuka. Aliviangalia mpaka vikawa vya dhahabu, akatia punje za vitunguu saumu nzima nzima, akatia maharage, akageuza mpaka yakang'aa yote na kuanza kulegea. Akatia chumvi. Alikuwa anakwangua nyanya ya mwisho ndipo mkono uliposimama hewani.

Adma alichota.

Mwaka huuhuu, baada ya Pasaka, Adma alikuja na ndoo akasema anataka kupika sabuni ya kwake, na Mama Nabih akamwambia, "Chota, mwenzangu, yapo tele." Akachota ndoo nzima! Kwa hiyo debe la sabuni nalo ni jepesi. Pengine ndilo jepesi zaidi.

Alikaa kwenye kigoda. Chungu kilikuwa kinachemka taratibu, mvuke unapanda mbele ya uso wake, na ndani ya ule mvuke kulikuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka mitano angeweza kumpa. Akauvuta. Akauvuta tena mpaka pua ikatoka maji. Akaona hasira, hasira ya kweli, kwa pua, kwa daktari na kidevu chake, kwa Rindala na glavu zake.

Amwage? Fito nyuma ya nyumba zilikuwa zimebaki majani matupu. Apike dengu? Nabih ameomba maharage, atauliza kwa nini, na "kwa nini" ndilo swali alilokuwa analikimbia tangu baridi. Amwite Adma anuse? Alifika mpaka mlangoni, kitambaa kichwani, mkono kwenye komeo. Misa ilikuwa inaelekea kwisha. Angemwambia Adma nini? "Njoo uninusie"? Kabla ya jua kushuka Beirut nzima ingekuwa inajua. Akarudi jikoni, akavua kitambaa, akatia nyanya, akatia pilipili manga, akaongeza vitunguu saumu vingine kiganja kizima, akafunika. Labda ni mafuta mazuri, alijiambia. Nusu kwa nusu. Watu wameolewa kwa bahati mbaya kuliko hiyo.

Maharage yalipoiva akayaepua yapoe, kwa kuwa hayaliwi ya moto, na akawa anazunguka nyumba anapanga vilivyopangwa. Gari la Nabih liliposikika kwenye kona, alikuwa amefuta meza ileile mara nyingi mpaka kitambaa kimechoka.

Walikula barazani, chini ya mzabibu. Maharage kwenye bakuli kubwa, mkate mwembamba, vitunguu vibichi, figili, zeituni. Mama Nabih alijipakulia kidogo, akasema hana njaa, joto. Akawatazama.

Nabih alikata kipande cha mkate, akakikunja, akachota maharage na mafuta yake, akatia mdomoni. Akatafuna. Kuna kitu kilipita usoni mwake, kidogo, kisha kikapotea. Akameza.

"Mikono yako isalimike, mama," alisema. "Tamu."

Rindala naye alichota, kipande kidogo kama cha kulisha ndege. Akatafuna huku anatazama sahani. "Tamu sana, mama," alisema.

Moyo wa Mama Nabih ukafunguka. Yalikuwa mazuri! Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mtu. Akajisogezea mkate. Nabih akachota tena, na tena, anakula kwa bidii, kichwa chini, kama mtu anayemaliza kazi. "Tamu mno," alisema. "Kila kitu sawasawa. Chumvi sawa, vitunguu sawa."

Na hapo ndipo Mama Nabih aliporudisha mkate wake kwenye sahani.

Nabih huyu! Nabih ambaye tangu ameota meno hajawahi kula chakula cha mama yake bila kukitia kasoro. Chumvi imezidi. Limau limepungua. Mbona vitunguu vikubwa hivi, mbona safari hii hujatia pilipili. Baba yake alikuwa akimwambia, "Wewe ukienda mbinguni utauliza nani amepika." Siku ya harusi yake mwenyewe alisema wali umepoa. Na mama alikuwa akifoka, "Basi kapike mwenyewe!" lakini akifurahi, maana mtoto anayelalamika yuko kwake, yuko mezani kwake, anadai haki yake. Leo, kila kitu sawasawa. Hivi ndivyo watu wanavyosema na mgonjwa.

"Nabih baba," alisema, "chumvi haijapungua?"

"Sawa kabisa, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Vitunguu saumu havikuzidi? Nimetia vingi."

"Mama, kula. Ni tamu."

Akamgeukia mkwewe. Rindala alikuwa amekunja kipande cha mkate mkononi, hakipeleki mdomoni wala hakiweki chini, na alikuwa anamtazama mumewe. Mama Nabih alikuwa amepoteza pua, lakini macho alikuwa nayo. Aliona jinsi Nabih alivyomkazia mkewe jicho: nyamaza.

Wakati huohuo ndara zikapanda ngazi, na sauti ikatangulia, kama kawaida, kabla ya mwenyewe.

"Jamani! Nani anapika sabuni siku ya Bwana?"

Adma alitokea na sahani ya tini, akacheka, akawaona sura zao, akaona bakuli. Kicheko kikamfia. Akaiweka ile sahani ya tini ukingoni mwa baraza, taratibu.

"Ni mimi," alisema Mama Nabih.

"Mama Nabih, mimi nilikuwa natania tu..."

"Usinifiche na wewe! Ni mafuta ya sabuni. Sivyo?" Sauti ilimpanda. "Rindala, mwanangu, wewe niambie. Mwanaume huyu ananidanganya mbele ya macho yangu."

Rindala aliweka mkate chini. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, haijulikani kwa kicheko au kwa kilio. "Ni sabuni, mama," alisema. "Nikiongeza tonge moja nitatoa povu."

Na Mama Nabih, Mungu amweke, alicheka. Walicheka wote wanne, kicheko kibaya cha kushika mbavu, Adma anapangusa macho kwa shali. Kisha Nabih akaacha kucheka. Aliacha kabla ya wengine, na mama yake alimwona akigeuka taratibu kutazama mlango wa jiko.

"Hukusikia harufu," alisema. "Ulipika asubuhi nzima na hukusikia."

Mama Nabih alianza kukusanya vipande vya mkate.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Kabla ya Pasaka." Uso ulikuwa umemwisha damu. "Kwa hiyo siku ile ya gesi hukuwa umefungua sasa hivi. Ulikuwa umekaa ndani yake. Mama, ungewasha kiberiti..."

"Sikuwasha."

"Ungewasha!" Alipiga meza, zeituni zikaruka. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima mwenye mvi. "Ningekuja kukuta nini? Niambie, ningekuta nini? Kusanya nguo. Unaondoka na sisi leo."

Hiyo ndiyo hukumu, na imefika. Mama Nabih alimsogezea mwanawe leso. "Na huko nitafanya nini, baba? Nitakaa kwenye kochi nitazame ukuta mpaka mrudi?"

"Utakuwa hai!"

"Nabih," alisema Rindala. Alikuwa anaokota zeituni moja moja. "Sisi tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Kutwa nzima atakuwa peke yake na jiko letu, nalo la gesi. Hapa ana watu. Kule ana nani?"

Mama Nabih alimtazama mkwewe kwa makini. Hakujua, na mpaka leo sidhani kama anajua, kama Rindala alisema vile kwa kumpenda au kwa kutotaka mama mkwe sebuleni kwake. Lakini aliyasema, na Nabih akasukuma sahani yake.

"Jiko langu lipo," Adma alisema kwa sauti ndogo isiyo yake. "Na pua ninayo. Mpaka wanakijiji wananilalamikia."

Waligombana mpaka kivuli cha mzabibu kikahama meza. Mwishowe Nabih aliingia jikoni bila kusema neno, akazungusha kichwa kinachounganisha mtungi wa gesi na jiko mpaka kikatoka, akakifunga kwenye gazeti, akakitia garini. "Mpaka mavuno ya zeituni," alisema. "Na ndani ya nyumba hii hawashi mtu moto. Hata mshumaa wa Bikira, mama. Tukifika mavuno, tutaona." Alimbusu mama yake kichwani, akamshikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Lile bakuli walimmwagia mbwa wa Mitri mwenye duka, naye akanusa akaenda zake.

Kwa hiyo alibaki kwake. Alipata alichokitaka, nyumba ni yake, kitanda ni chake. Lakini asubuhi ya pili yake aliamka, akajaza mdila maji, akachukua kiberiti, akafika mbele ya jiko ndipo alipokumbuka. Jiko lilikuwa chuma baridi. Alisimama pale na mdila mkononi, na hapo, bila mtu wa kumwona, alilia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani.

Kisha akanawa uso. Akatia dengu kwenye sufuria, vitunguu juu yake, mdila kando, akajifunga kitambaa chake kizuri cha kanisani na kutoka.

Kutoka kwake mpaka kwa Adma ni kuvuka barabara tu, lakini katikati ndipo lilipo duka la Mitri, na mbele ya duka wanaume walikuwa wamekaa na dhumna yao. Mchezo ulisimama. Mama Nabih, mwenye pumzi, anavuka barabara asubuhi na chakula kibichi sufuriani! Angeweza kusema gesi imekwisha. Angeweza kusema Adma anaumwa. Uongo huo wote ulikuwa tayari ulimini.

"Habari za asubuhi, Mama Nabih," alisema Mitri. "Sufuria unaipeleka wapi?"

"Kwa Adma," alisema. "Pua yangu imekufa tangu baridi, Mitri. Naenda kuazima yake."

Akavuka.